Maji ya Moto na Umeme Uvujao: Lini Tuitupe Koili ya Nyumbani?

Juma hili twataka kuzungumza juu ya kifaa kidogo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi bila ya kupiga hodi, nacho ni koili ya kuchemshia maji: ile fimbo ya chuma iliyojikunja, yenye waya na plagi, inayotumbukizwa ndani ya ndoo. Swali letu ni moja tu. Mama wa nyumba atajuaje kwamba koili yake imefikia mwisho, na kwamba kuendelea kuitumia ni kuichezea roho?

Sisi wa Pwani joto letu hutufanya tusiyafikirie sana maji ya moto. Lakini ni nyumba gani leo isiyo na binti, ndugu au mjukuu aliyekwenda bara kusoma, kuolewa au kutafuta riziki? Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti baridi yake ya alfajiri huingia mifupani. Mwenye kuamka kwa ajili ya swala, mwenye janaba ya kuoga, mzazi aliye katika siku arubaini na mzee mwenye maumivu ya viungo, wote wahitaji maji ya uvuguvugu. Kwa hivyo jambo hili ni letu pia, hata kama twalala madirisha wazi.

Tuliyoyaona Kisumu Ndogo

Mwaka uliopita, katika msimu huo wa baridi, tulikwenda Nairobi kumjulia hali binti wa ndugu yetu ambaye ameolewa huko na anakaa Kisumu Ndogo, Kibera. Watu wa Malindi wasichanganyikiwe, maana nao wana Kisumu Ndogo yao. Hii tuisemayo ni ile ya Kibera, si mbali na Makina, ambako ndugu zetu Wanubi wamekaa tangu mwanzo wa karne ya 20, walipopewa makao baada ya kutumika katika jeshi la kikoloni. Wao ndio walioiita sehemu hiyo Kibra, yaani msitu, na mwaka 2017 jamii yao ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Leo msitu haupo tena. Zimebaki nyumba za mabati na udongo zilizoshikana bega kwa bega, na juu ya mapaa yake nyaya za umeme zimetandwa kama kamba za kuanikia nguo.

Binti yetu alitupokea kwa furaha. "Shikamoo, shangazi, karibuni ndani, baridi hiyo." Tukaitikia marahaba, tukakaa. Chumba ni kimoja chenye pazia katikati, na ndani yake wanaishi yeye, mumewe, mama mkwe mwenye ugonjwa wa baridi yabisi, na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka saba. Nje ya mlango pana kijisehemu cha saruji kilichozungushiwa mabati, ambacho ndicho bafu la nyumba nne.

Usiku huo tulimwona akichemsha maji ya mama mkwe wake. Koili ilikuwa nyeusi, ina magamba meupe, na shingoni pake, pale waya unapoingilia, pamezungushwa utepe wa plasta mara nyingi hata pamevimba kama kidole kilichofungwa dawa. Maji yalipoanza kutoa mvuke akachovya kidole kuyapima, kisha akautoa upesi huku akicheka.

"Yakutia nini, mwanangu?" tukamuuliza.

"Si kitu, shangazi. Yatekenya tu, kama sisimizi wanaotembea mkononi. Imekuwa hivyo tangu mfungo wa Ramadhani. Lakini si bado yachemsha?"

Tukanyamaza. Hapo ndipo tulipokosea, nasi twaungama mbele yenu. Tulijua kwamba jambo hilo si zuri, lakini tuliona haya. Tulijisemea: sisi ni wageni, tumekula chakula chao, twende leo tukaitie kasoro koili yao kana kwamba twaitia kasoro hali yao? Mume alikuwa amekwisha kusema kwamba nyingine itanunuliwa mwisho wa mwezi. Tukalala.

Alfajiri binti yetu aliitumbukiza koili katika ndoo ya kuogea ya yule mtoto wa miaka saba. Maji yalipokuwa tayari akaizima swichi ukutani, akaiacha koili ndani ya ndoo, akageuka kutafuta taulo. Mtoto, peku juu ya saruji iliyorowa, akachota kwa kopo la bati. Tulisikia ukelele mmoja, na kopo likigonga mabati. Rehema ya Mungu ilikuwa kwamba umeme ulimrusha nyuma badala ya kumshika. Alianguka chini akiwa anatetemeka, macho yamemtoka, na hakuweza kusema kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima ya kutoka Mombasa. Hospitalini alipimwa moyo akaambiwa yu salama. Sisi hatukuwa salama katika nafsi zetu. Haya yetu ya ugeni nusura itugharimu mtoto wa watu.

Kwa nini swichi ilizimwa na umeme ukabaki?

Fundi mwenye leseni aliyeitwa kutoka Makina alitueleza mambo matatu, nasi twayaeleza hapa kwa utulivu kwa sababu ndani yake mna elimu yote ya suala hili.

Kwanza, koili imeumbwaje? Ndani kabisa mna waya mwembamba unaopata joto umeme unapopita. Waya huo umezungukwa na unga mweupe uliogandamizwa, ambao hupitisha joto lakini huzuia umeme. Nje ya unga ndipo penye ganda la chuma au shaba tunaloliona. Ganda likiwa zima, joto hutoka na umeme hubaki ndani. Ganda likipata ufa, hata kama ni mwembamba kama unywele, maji huingia, unga hulowa, na umeme hupata njia ya kutokea. Waya wa ndani haujakatika, kwa hivyo maji yataendelea kuchemka vilevile. Hili ndilo jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike: koili mbovu haiachi kuchemsha. Huenda ikachemsha vizuri siku ile ile inayoua. Basi asiyeitupa mpaka ishindwe kupasha maji amengoja dalili isiyokuja.

Pili, soketi ya nyumba ile haikuwa na waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Kazi ya waya huo ni kuubeba umeme uliovuja na kuupeleka ardhini, ili fyuzi ikatike au swichi kubwa ijizime. Pasipo waya huo, umeme uliovuja hukaa majini kimya. Ndoo ya plastiki hauipiti, kwa hivyo hakuna kinachokatika wala kinacholia. Hungoja tu mtu atakayetia mkono huku miguu yake imekanyaga sakafu iliyolowa, naye ndiye anayegeuka kuwa waya wa ardhi. Binti yetu alikuwa akitekenywa tu kwa sababu kila siku alivaa ndara za mpira. Mtoto alikuwa peku.

Tatu, nyaya mbili za soketi zilikuwa zimebadilishana mahali. Swichi hutakiwa kuukata ule waya uletao umeme. Zikigeuzwa, swichi hukata waya wa kurudishia, na koili hubaki na umeme kamili ingawa taa yake imezimika na maji yametulia. Katika mitaa ambayo umeme huungwa kwa haraka, kutoka nyumba hadi nyumba na bila ya mita, kosa hili si la ajabu. Na hata nyumba ya ghorofa ya Mombasa yaweza kuwa nalo, ikiwa fundi wake alikuwa mtu wa kubahatisha. Kwa hiyo kuzima swichi hakutoshi. Plagi ichomolewe ukutani kwanza, ndipo mkono uende majini.

Dalili za koili iliyokwisha

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Koili nayo hutoa mawingu yake mapema, ila sisi ndio tusioangalia juu. Zifuatazo, moja peke yake yatosha kuifanya itupwe.

Maji kutekenya au kuchoma kwa namna isiyo ya joto. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mkono ukihisi sisimizi, hakuna tena cha kupima wala cha kungoja mwisho wa mwezi. Chomoa plagi, na koili isirudi majini tena.

Ufa, tundu, uvimbe au kutu iliyokula ganda. Itazame mchana, ikiwa imepoa na imechomolewa, ukiigeuza polepole kama mtu achaguaye mchele. Angalia zaidi kwenye mikunjo, maana hapo ndipo ganda hukaa kwa taabu. Unga mweupe ukitoka kwenye tundu, huo ni ule wa ndani. Usiudhanie kuwa ni chokaa ya maji.

Koili iliyowahi kuwaka nje ya maji. Mara nyingi mtu husahau, maji yakapungua au ndoo ikaanguka, na koili ikawa nyekundu kama kaa la moto. Hata kama baadaye itaonekana nzima, joto lile hulipasua ganda. Iliyowaka mara moja nje ya maji isiaminiwe tena.

Waya uliokatika au kulegea pale shingoni. Kiungo hicho hufungwa kiwandani ili maji yasipenye. Utepe wa plasta hauzuii mvuke, na mvuke ni maji. Kuukata waya na kuuunga upya mahali hapo ni kuziba jahazi kwa karatasi.

Kukatika kwa umeme kila koili inapowekwa. Nyumba yenye swichi kubwa ya kisasa huwa na kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja, na vingi vyake huamka uvujaji unapofika sehemu 30 tu kati ya 1,000 za ampea moja. Kikikatika usikilaumu, na usimwite fundi akiondoe. Chasema kweli. Jaribu kifaa kingine katika soketi ile ile. Kingine kikifanya kazi na koili ikikata, mwenye kosa ni koili.

Dalili zisizotosha peke yake

Kuna mengine ambayo huwafanya watu watupe kifaa kizima, au wakihukumu kwa kosa lisilo lake.

La kwanza ni kuchelewa kuchemsha. Koili ya wati 1,500 huhitaji kama dakika 25 kuyatoa maji ya ndoo ya lita 20 katika ubaridi wa alfajiri ya Nairobi na kuyafikisha joto la kuogea. Hutumia kiasi cha uniti moja isiyotimia, yaani zaidi kidogo ya nusu. Ikianza kuchukua muda mrefu, angalia kwanza taa. Jioni, watu wengi wanapotumia waya mmoja, nguvu ya umeme hushuka. Ikishuka kutoka volti 240 hadi 180, koili hubaki na nguvu ya nusu na kidogo tu ya ile yake. Taa ikiwa hafifu na koili ikiwa nzito, tatizo ni la njia ya umeme. Taa ikiwa kamili na koili nzito, basi ni ya koili.

La pili ni magamba meupe. Hiyo ni chokaa itokayo majini. Visima vyetu vya Pwani hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hivyo magamba huja upesi kwetu kuliko Nairobi, ambako maji ya mfereji hutoka kwenye mito ya milima ya Aberdare. Magamba yakiwa mengi hulizuia joto lisitoke, na koili hujiunguza yenyewe. Hiyo ikiwa imechomolewa na imepoa, ilaze sehemu ya chuma ndani ya siki au maji ya ndimu kwa saa chache, kisha isugue kwa kitambaa na kuisuuza. Usiipare kwa kisu. Magamba yakishatoka, itazame upya, maana mara nyingine nyufa hujificha chini yake.

La tatu ni plagi yenye rangi ya kahawia au harufu ya kuungua. Hapo yawezekana ubaya ni wa plagi au soketi iliyolegea, nazo hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo. Lakini usiendelee kutumia kabla hazijabadilishwa, kwani moto wa nyumba nyingi za mabati huanzia hapo hapo.

Wenye hita za shawa na mapipa

Wasomaji wetu wenye hita ya shawa, ile inayopasha maji yakiwa njiani, wajue kwamba nguvu yake ni mara tatu au nne ya koili. Huhitaji waya wake mnene na swichi yake peke yake, na ni haramu ya ufundi kuiunga kwenye soketi ya kawaida. Ikiacha kupasha, mara nyingi ni elementi ya ndani iliyoungua, nayo hubadilishwa bila ya kununua kichwa kizima. Lakini bomba likikutekenya unapoligusa, au ganda likiyeyuka na kupasuka, usiioge siku hiyo. Na mwenye kisima cha chumvi aulize hita iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Kwa wenye pipa la kuchemshia ukutani au darini, hukumu ni hii: maji yakivuja kwenye kiungo au valvu, tengeneza. Yakivuja kwenye mwili wa pipa lenyewe, badilisha, kwani chuma kilichooza hakiungiki. Maji ya moto yakitoka mekundu na ya baridi yakiwa safi, kutu imekwisha kuanza ndani. Pipa likinguruma linapochemka, masimbi ya chokaa yamejaa chini. Huenda kulisafisha kukalinusuru.

Kununua, kutumia na kutupa

Koili mpya, wasomaji wetu, ni shilingi mia chache. Twajua kwamba kwa mama anayeuza mahamri na viazi karai, mia chache ni faida ya siku nzima, na hatusemi kwa wepesi. Lakini rahisi ni ghali. Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango la Kenya, KEBS. Iwe na plagi yenye miguu mitatu, kwani yenye miguu miwili haina pa kushika waya wa ardhi. Iwe na ganda zito lisilopinda kwa vidole, na alama inayoonyesha mwisho wa kina cha maji. Umwombe muuzaji aijaribu mbele yako kwa mita, si kwa kuiwasha hewani, maana anayeiwasha hewani ameshaiharibu kabla hujalipa.

Katika kutumia, utaratibu ni mfupi. Koili iingie majini kwanza, plagi ifuate. Plagi itoke kwanza, koili ifuate. Ndoo isikae mahali pa kuogea, bali pakavu, juu, mbali na mtoto. Maji yasipimwe kwa kidole mpaka plagi imetoka ukutani na mwenye nyumba ameiona kwa macho yake. Na wakati wa kuchanganya, yatangulie ya baridi kisha ya moto, kwani maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache.

Katika kutupa, kata waya kwa mkasi mpaka ubaki kipande kidogo. Tulipokuwa tukiitupa ile koili, jirani alituomba tumpe akaitengeneze. Tukaikata mbele yake kwa upole, tukamweleza sababu. Koili mbovu iliyotupwa nzima haifi, huhamia nyumba nyingine.

Na Mungu apishe mbali, mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwenye swichi kubwa au chomoa plagi. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umtenge na waya kwa mpini mkavu wa ufagio. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Na hata akisimama akasema yu mzima, apelekwe hospitali, kwani moyo waweza kubadilika mwendo baadaye.

Maji kidogo yatosha

Kabla ya kununua koili kubwa zaidi, tujiulize pia twahitaji maji kiasi gani. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi haifiki lita moja, na mudi tano ni kama lita tatu hivi. Basi wudhu wa alfajiri hauhitaji ndoo ya lita 20. Birika moja la jikoni, lililochemshwa usiku na kuhifadhiwa katika chupa ya chai, latosha wudhu wa nyumba nzima likichanganywa na ya baridi. Mwenye kuhofia madhara ya kweli kwa sababu ya baridi au ugonjwa, na hana njia ya kupasha maji, dini haikumfungia mlango. Amuulize sheikh wake juu ya tayamamu.

Katika Kibera kuna mabafu ya umma ya kulipia. Vituo vya bayogesi vya Umande Trust hugeuza taka za vyoo kuwa gesi ya kupikia, na Kibera Town Centre nayo ilijengwa ikiwa na vyoo, mabafu na sehemu ya kufulia. Mwenye koili mbovu ana pa kukimbilia kwa siku chache. Wengine huanika mtungi juani. Waliosoma fiqhi ya Kishafii watakumbuka suala la maji yaliyopashwa na jua na karaha iliyotajwa ndani yake. Lakini maneno hayo yalihusu vyombo vya madini katika nchi za joto, na Imamu Nawawi mwenyewe hakuliona karaha kuwa na dalili ya nguvu. Mtungi wa plastiki haumo. Kinachokatazwa kabisa kwa akili na kwa tiba ni kuingiza jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuchemshia maji au kuota moto. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Jiko likae nje, au mlango na dirisha viwe wazi.

Neno la mwisho

Kabla hatujaondoka Kisumu Ndogo, binti yetu na majirani zake watatu wa bafu lile moja walikaa kitako. Wakakubaliana kuweka shilingi chache kila juma katika kikapu kimoja, kwanza wamlipe fundi aweke waya wa ardhi na kuzirekebisha soketi za nyumba zote nne, kisha wanunue koili mbili nzuri za kupokezana. Haikuwachukua hata miezi miwili. Jambo ambalo nyumba moja ilikuwa ikiliahirisha mwezi hadi mwezi, nyumba nne zililimaliza.

Nasi tulijifunza letu. Mgeni ana adabu zake, lakini adabu haimfungi mdomo anapoona ufa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa koili hauzibwi, hutupwa. Basi, dada zetu, kesho mchana chukueni dakika tano. Chomoeni plagi, iangalieni koili yenu kwenye mwanga, kisha mpigieni simu binti aliye bara mumuulize ya kwake ikoje. Mkimsikia akisema, "Yatekenya tu, mama," msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, walio Pwani na walio bara, na atujaalie kuonana tena juma lijalo. Wabillahi tawfiq.